Mama akifunga, watoto wale



Wiki hii tuongee juu ya kufunga, kwa sababu ya mtoto mmoja wa darasa langu. Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Nilikuwa naandika hesabu kwenye ubao, nikageuka, nikamkuta amelalisha kichwa juu ya daftari. Nikamkemea. Wakati wa mapumziko nilimwita pembeni nikamwuliza kama usiku alichelewa kulala. Akajibu kwa sauti ndogo: «Hapana, Mwalimu. Mama yuko kwenye maombi ya siku tatu. Hatujapika tangu juzi.»

Nilipata haya. Nikampa mkate wangu, lakini sikumhukumu mama yake, kwa maana mimi pia nimepita hapo. Mtoto wangu wa kwanza alipokuwa na miezi minne, niliambiwa katika chumba kimoja cha maombi kwamba anayekunywa maji wakati wa kufunga hana imani. Nikafunga kavu, hata maji sikugusa. Siku ya tatu maziwa yalikuwa yamepungua na mtoto alilia usiku mzima. Mama mkwe akaleta uji, akauweka mbele yangu: «Mwanangu, Mungu alikupa huyu mtoto umnyonyeshe. Kunywa.» Nikanywa huku nalia. Mpaka leo naona kwamba siku ile yeye ndiye aliyenihubiria.

Sasa, kufunga ni kwa nini? Someni tena Isaya sura ya 58. Watu wanamlalamikia Mungu kwamba wamefunga naye hakuona. Mungu anawaonyesha kwamba siku hiyo hiyo wanawakandamiza wafanyakazi wao na wanagombana. Anataka wafungue vifungo vya walioonewa na wagawe chakula chao na wenye njaa. Hapa Bukavu swali linatugusa: mshahara wa binti anayetusaidia nyumbani tumeulipa? Deni la jirani tumelirudisha? Tumbo tupu halifuti hayo. Na katika Matayo sura ya 6, Yesu anataka anayefunga anawe uso na ajipake mafuta, watu wasijue. Kufunga si kutangaza mtaani.

Makanisa yetu yana desturi mbalimbali. Kwa Wakatoliki, siku za lazima za kufunga ni mbili tu kwa mwaka: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Sheria hiyo inashika watu wazima, tangu miaka 18 mpaka mwanzo wa mwaka wa 60, na inaruhusu mlo mmoja wa kushiba na chakula kidogo mara mbili. Wagonjwa, wenye mimba na wanaonyonyesha hawalazimishwi. Katika makanisa mengi ya Kiprotestanti na ya uamsho, siku hupangwa na kanisa au na muumini mwenyewe. Hapo ndipo busara inahitajika zaidi, kwa sababu hakuna anayetuwekea mpaka.

Wengi mnakumbuka tarehe 23 Februari 2018. Papa Fransisko aliomba siku ya sala na kufunga kwa ajili ya amani, hasa kwa Kongo yetu na Sudani ya Kusini, akaalika hata wasio Wakatoliki. Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima. Kufunga kwa namna hiyo kunatuunganisha: njaa yangu ya siku moja inanikumbusha jirani ambaye njaa yake haina tarehe ya mwisho.

Na hapa kuna jambo ambalo halisemwi sana mimbarani. Wamama wengi wa Kadutu, Panzi na Bagira wanakula mara moja kwa siku, na hiyo mara moja wanawaachia watoto bugali kubwa, wao wanakwangua sufuria. Dada yangu, kama ndiyo hali yako, usijione mdogo mbele ya wale wanaohesabu siku zao za kufunga. Mungu anaona sahani yako. Wewe funga kitu kingine: masengenyo, hasira kwa watoto, simu usiku kucha.

Kwa wale wenye nguvu ya kufunga, nawapa mashauri machache. Kabla ya kuanza, panga nani atawasha makala na watoto watakula nini. Kama nyumbani hakuna mtu wa kupika, rudi upike, kisha uombe. Kunywa maji. Mwenye mimba, anayenyonyesha, mwenye kisukari au vidonda vya tumbo asifunge bila kumwuliza muuguzi. Na dawa za kila siku zisiachwe hata siku moja, hata kama mtu anakuahidi muujiza.

Mwisho, kile usichokula kisibaki mfukoni. Ijumaa hii, tuliofunga tulete kwenye mkutano bei ya mlo tulioacha, hata kama ni franga kidogo. Tutanunua maharagi na unga, na wamama wawili watapeleka bila kutangaza majina, kwanza nyumbani kwa watoto wanaosinzia darasani.

Yule mtoto amerudi kuinua mkono kwenye hesabu. Mama yake alikuja kuniona, tukaongea kama dada na dada. Bado anafunga, lakini sasa anapika kwanza.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.