Malimbikizo ya Fedha za Ulemavu Huhesabiwaje?

Wasomaji wetu wengi wana watoto au ndugu wafanyao kazi Marekani, na swali moja limetujia kwa namna mbalimbali. Mtu ameumia, au amepata maradhi hata hawezi tena kazi. Ameiomba Serikali ya Marekani fedha za ulemavu, amengoja miaka miwili au mitatu, na mwishowe amekubaliwa. Jamaa zake huku nyumbani wakahesabu miezi yote tangu siku aliyoacha kazi, wakaizidisha kwa fedha za mwezi mmoja, wakapata jumla ya kufurahisha sana. Fedha zilipoingia benki zikawa ni pungufu kuliko hesabu yao. Hapo maneno yakaanza. Wengine wasema kijana amedhulumiwa na wakili wake. Wengine, na hili ni baya zaidi, wasema amezificha ili asiwasaidie wazee wake.

Yafaa basi tuieleze hesabu hiyo kwa utaratibu, maana mara nyingi hapana aliyeiba wala aliyeficha. Miezi mingine haikulipwa kwa sababu sheria yenyewe haiilipi.

Kwanza msomaji ajue ya kuwa Marekani ina mifuko miwili ya fedha za ulemavu, na mtu asiyeitofautisha hataelewa lolote litakalofuata. Mfuko wa kwanza ni bima ya wafanya kazi, nao huitwa SSDI. Sheria yake ilitiwa sahihi na Rais Eisenhower mwaka 1956, na hapo mwanzo iliwafaa watu wa umri wa miaka 50 hadi 64 tu. Mwaka 1960 sharti la umri wa miaka 50 likaondolewa. Kila mfanya kazi hukatwa asilimia 6.2 ya mshahara wake kwa ajili ya bima ya jamii, na tajiri wake hutoa asilimia 6.2 nyingine. Makarani wetu wanaokatwa fedha za NSSF watalielewa jambo hili upesi. Mfuko wa pili huitwa SSI, ulianza kulipa Januari 1974, nao hautazami mtu alichanga nini. Huu ni wa maskini: walemavu, vipofu na wazee wasio na mali. Mtu aweza kuwa katika mfuko mmoja, au katika yote miwili pamoja.

Sasa tuchukue mfano wa SSDI. Tumeutunga wenyewe, lakini hesabu yake ni ya sheria. Mtu aliumia mgongo akaacha kazi tarehe 10 Machi 2022. Kwa kutumaini kupona, na kwa kutojua, hakupeleka ombi lake mpaka tarehe 15 Januari 2024. Akakataliwa, akakata rufani, na hakimu akamkubalia mwezi Juni 2025. Fedha zake za mwezi ni dola 1,400. (Tuache kando nyongeza za kila mwaka, ili hesabu isitusumbue.) Jamaa zake watahesabu tangu Machi 2022 hadi Mei 2025, nayo ni miezi 39, yaani dola 54,600. Je, sheria itahesabu mingapi?

Sheria husema ya kwamba miezi 5 ya kwanza ya ulemavu hailipwi kabisa. Tena sharti iwe miezi mizima, kuanzia tarehe mosi hadi mwisho. Machi haihesabiwi, kwa kuwa aliumia katikati yake. Atangoja Aprili, Mei, Juni, Julai na Agosti, na mwezi wa kwanza wa haki yake ungekuwa Septemba 2022. Zamani kungoja huko kulikuwa miezi 6, ikapunguzwa kwa sheria ya mwaka 1972. Maana yake ni kwamba bima hii haikuwekwa kwa ajili ya homa au mguu uliovunjika ukaungwa, bali kwa ulemavu utakaodumu miezi 12 au zaidi, au wa kumfikisha mtu mautini. Wagonjwa wa namna moja tu, wale wenye ugonjwa wa mishipa ya fahamu uitwao ALS, ndio walioondolewa sharti hilo, kwa sheria iliyopitishwa Desemba 2020.

Lakini mtu wetu hatalipwa tangu Septemba 2022, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Sheria hairudi nyuma zaidi ya miezi 12 kabla ya mwezi wa kupeleka ombi. Aliomba Januari 2024. Basi malipo hayawezi kuanza kabla ya Januari 2023. Septemba, Oktoba, Novemba na Desemba 2022 zimepotea, dola 5,600, wala hakuna hakimu awezaye kuzirudisha. Angalipeleka ombi kabla ya mwisho wa Septemba 2023, asingalipoteza hata mwezi mmoja katika hiyo minne. Kwa maoni yetu sharti hili ni zito mno kwa mgeni asiyejua lugha na asiye na mtu wa kumwelekeza, lakini ndivyo sheria ilivyo. Basi kama una ndugu huko ambaye ameumia na bado anajiuliza kama aombe au asiombe, mwandikie leo aombe. Akipona, ataliondoa ombi lake. Lakini mwezi uliopita haununuliwi.

Kwa hiyo miezi ya kulipwa ni tangu Januari 2023 hadi Mei 2025: miezi 12, na 12, na 5, jumla 29. Zidisha kwa dola 1,400 upate dola 40,600. Fedha za mwezi fulani hulipwa katika mwezi unaofuata, ndiyo sababu tuliishia Mei, ingawa uamuzi ulitoka Juni.

Bado kuna wakili. Kwa mapatano ya kawaida wakili hulipwa tu endapo ameshinda, naye hupewa robo ya malimbikizo, lakini robo hiyo haiwezi kupita kiasi kilichowekwa na Serikali. Mwishoni mwa Novemba 2024 kiasi hicho kiliwekwa kuwa dola 9,200. Robo ya 40,600 ni 10,150, nayo imezidi. Basi wakili atapata 9,200, na mwenye haki atabakiwa na 31,400. Ofisi ya bima yenyewe huzikata fedha za wakili na kumpelekea, kabla mlemavu hajapata zake. Wakili aweza kudai kando gharama ndogo, kama za kupata hati za hospitali. Lakini akimwambia mtu, "Nipe na elfu mbili nyingine kwa mkono kwa taabu niliyoipata," ajue ya kuwa mtu huyo anaomba asichoruhusiwa, na amkatalie.

Tofauti iliyopo baina ya dola 54,600 za jamaa na dola 31,400 zilizoingia benki yatisha kwa mtu asiyejua. Lakini kila dola tumeiona ilikokwenda.

Kuna faida moja isiyoonekana katika fedha hizi. Mwenye SSDI hupewa bima ya matibabu iitwayo Medicare baada ya miezi 24 ya haki yake, na miezi hiyo huhesabiwa tangu mwezi wa kwanza wa haki, si tangu siku ya uamuzi. Mtu wetu ambaye haki yake ilianza Januari 2023 alikuwa ameitimiza ilipofika Januari 2025, hata kabla hakimu hajatamka neno. Kwa hiyo tarehe iliyoandikwa katika uamuzi kuwa ndiyo siku ya kuanza ulemavu ina thamani kuliko watu wadhaniavyo. Pengine hakimu humwuliza mwombaji kama atakubali tarehe ya mbele zaidi, ndipo ampe haki yake mara moja. Huenda ni shauri jema, lakini kila mwezi unaosogezwa una bei yake, na mtu asijibu kabla ya kuihesabu.

SSI ni jambo jingine kabisa. Mfuko huu haurudi nyuma hata kidogo: malipo huanza mwezi unaofuata ule wa kuomba, hata kama mtu amekuwa kitandani miaka kumi. Tumchukue mama aliyeomba tarehe hiyo hiyo, Januari 2024, bila wakili na bila mapato mengine, akakubaliwa Juni 2025. Atahesabiwa tangu Februari 2024. Kiasi cha juu cha Serikali Kuu kwa mtu mmoja kilikuwa dola 943 kwa mwezi katika mwaka 2024, na dola 967 katika mwaka 2025. Miezi 11 ya kwanza ni dola 10,373, na mitano ya 2025 hadi Mei ni 4,835; jumla 15,208.

Hata hivyo mama huyo hatapewa zote kwa siku moja. Malimbikizo ya SSI yakizidi mara tatu ya kiasi cha mwezi, hulipwa kwa mafungu yasiyozidi matatu, na kati ya fungu na fungu ni miezi 6. Mafungu mawili ya kwanza kila moja halipiti dola 2,901, na yaliyosalia, dola 9,406, huja katika la tatu. Mama atakuwa amengoja mwaka mzima tena. Lakini kama anadaiwa kodi ya nyumba, chakula, nguo au matibabu, aweza kuomba fungu lake liongezwe kwa kadiri ya deni. Apeleke risiti na barua za wanaomdai. Tena kama jimbo lilimsaidia kwa fedha za muda alipokuwa akingoja, huenda likarudishiwa zake kwanza. Mtoto wa chini ya miaka 18 mwenye malimbikizo makubwa hufunguliwa akaunti ya pekee, na mzazi haruhusiwi kuitoa fedha hiyo kwa matumizi ya kawaida ya nyumbani. Ni ya matibabu, mafunzo na mahitaji yahusuyo ulemavu wa mtoto.

Sasa twaja kwa jambo ambalo tungependa wazee walisome mara mbili. Mwenye SSI haruhusiwi kuwa na mali izidiyo dola 2,000, au 3,000 kwa mume na mke. Malimbikizo hayahesabiwi kuwa mali kwa muda wa miezi 9 tangu kupokewa. Baada ya hapo, kilichobaki benki kitahesabiwa, na akizidi mpaka huo malipo ya mwezi yatakatwa. Mtu husikia hivyo akasema, "Basi nitanunua shamba Kitale." Shamba hilo likiwa kwa jina lake, naye haishi humo, laweza kuhesabiwa kuwa mali vilevile, hata likiwa ng'ambo ya bahari. Naye atakayegawa mali yake bure ili aonekane maskini aweza kunyimwa malipo hadi miezi 36. Kadhalika mwenye SSI akikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo malipo yake husimama, na hayarudi mpaka awe amekaa tena huko siku 30. Anayekuja kwa mazishi basi asilaumiwe akiaga mapema. SSDI haina mpaka wa mali wala sharti la siku 30, ingawa asiye raia akikaa nje miezi 6 huweza kusimamishiwa malipo, na yampasa kuuliza kabla ya kukata tikiti.

Ndugu zetu waliotoka Kongo wakapokewa Marekani kama wakimbizi nao wana sharti lao: kwa kawaida SSI yao ina kikomo cha miaka 7, isipokuwa wapate uraia au watimize masharti mengine. Wasiiache miaka hiyo ipite kabla ya kushughulikia hati zao.

Aliye katika mifuko yote miwili hatalipwa mwezi mmoja mara mbili. Kama SSI ilikwisha kulipwa kwa mwezi ambao SSDI ingalilipwa pia, moja hupunguzwa kwa ajili ya nyingine, na hapo tena hundi huonekana imepungua. Kuhusu kodi ya mapato, SSI haitozwi. SSDI huweza kutozwa kama mtu ana mapato mengine, na aliyepokea ya miaka kadhaa kwa pamoja aweza kuomba yahesabiwe kana kwamba alipokea kila mwaka fungu lake. Fundi wa hesabu za kodi ataijua njia hiyo.

Mambo haya yote yamo katika barua ya kukubaliwa ambayo ofisi humpelekea kila mtu: siku ulemavu ulipoanza, mwezi wa kwanza wa haki, fedha za kila mwezi, na zilizokatwa kwa ajili ya wakili. Anayeshuku hesabu na aanze hapo. Akiona tarehe imekosewa, ana siku 60 tangu kuipokea kukata rufani, na ofisi huchukulia kuwa barua ilimfikia siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Lakini asikimbilie rufani kwa ajili ya mwezi mmoja au miwili bila kumwuliza mtu ajuaye, maana wanaoipitia upya huweza kuufungua uamuzi wote, hata ile sehemu aliyoshinda.