Dau la Mnyonge na Njia ya Kwanza

Wahenga walinena: dau la mnyonge haliendi joshi. Maana yake ni kwamba chombo cha asiye na nguvu hakiwezi kushindana na upepo. Na kikifaulu, watu husema ni Mungu kupenda. Maneno haya husikika katika kambi zetu za Jinja na Mbale kila kikundi kidogo cha biashara kinapovunjika. Juma hili hatuna budi kuyapima, kwa sababu kinachovunjika pamoja na kikundi ni akiba ya mshahara, na mara nyingine ujirani wenyewe.

Tuanze na askari polisi wetu, marehemu John Akii-Bua. Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, alipangiwa njia ya kwanza katika fainali ya mita 400 za kuruka viunzi. Njia hiyo ni ya ndani kabisa. Kona zake ni kali kuliko za njia nyingine zote, na mkimbiaji mwenye hatua ndefu hupata taabu humo. Miongoni mwa wapinzani alikuwamo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1968. Akii-Bua alishinda kwa sekunde 47.82, akawa mtu wa kwanza duniani kumaliza mbio hizo chini ya sekunde 48, na akailetea Uganda nishani yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki.

Je, ulikuwa upepo tu? Hata kidogo. Chini ya mwalimu wake, Malcolm Arnold, alikuwa amefanya mazoezi akivaa fulana iliyotiwa uzito na kuruka viunzi virefu kuliko vya mashindano. Tena aliweza kutanguliza mguu wowote, wa kulia au wa kushoto, afikapo kwenye kiunzi. Ugumu haukumshtua, kwani alikwisha kuuzoea.

Familia za askari nazo zina njia yao ya kwanza, nayo ni uhamisho. Tuseme akina mama watano wa kambini Jinja hununua samaki Masese na kuwapeleka Mbale, kisha hurudi na viazi na vitunguu vya mlimani. Biashara inakwenda vema. Siku moja mume wa mtunza hazina anapata amri ya kuhamia Moroto. Baada ya siku tatu mama huyo ameondoka, na daftari limo sandukuni mwake. Ni mchuuzi gani wa Mbale amelipa, na yupi bado anadaiwa? Hakuna ajuaye. Minong'ono inaanza, na waliokuwa wakiazimana chumvi hawasalimiani tena. Matajiri wa mjini hawakuhusika hata kidogo; kikundi kimeangushwa na kona ambayo kila mmoja alijua ipo.

Dawa yake ni kuzoea miguu yote miwili. Kila kazi ijulikane na watu wawili. Madaftari yawe mawili, yalinganishwe kila Jumamosi. Fedha ziwekwe benki au katika ushirika wa akiba na mikopo, na zisitolewe kwa saini ya mtu mmoja. Katiba ya kikundi iseme mapema jinsi mwanachama anayehamishwa atakavyolipwa hisa yake. Na mara moja kwa mwezi mtunza hazina apumzike, msaidizi wake aifanye kazi yote peke yake.

Somo la pili linatoka Kapchorwa, mbele kidogo ya Mbale, nalo pia ni la askari polisi. Mwezi wa Machi 2017, katika mbio za nyika za dunia zilizofanyika Kololo, Kampala, Joshua Cheptegei aliwaacha wenzake mbali mbele ya umati wa nyumbani. Katika mzunguko wa mwisho nguvu zilimwishia, akamaliza wa 30. Hakujificha. Mwaka 2019, huko Aarhus, Denmark, alitwaa ubingwa wa mbio zizo hizo. Agosti 2020, mjini Monaco, aliweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 kwa dakika 12 na sekunde 35.36, akienda mwendo wa karibu sekunde 60 kila mzunguko, na mwanzoni wenzake wakimwongozea kasi.

Mtaji nao una mzunguko wa mwisho. Kikundi kinachomaliza fedha zote katika shehena ya kwanza hakina cha kununulia barafu lori likiharibika njiani. Heri mwendo sawa, na akiba isiyoguswa.

Sisemi kwamba kila anayejitayarisha atashinda. Samaki huoza, na bei huanguka. Lakini hasara ya namna hiyo huhesabika, na watu hubaki ndugu. Basi, akina mama na akina baba, katika mkutano wenu ujao ulizaneni swali hili kabla ya kugawana faida: amri ya uhamisho ikija kesho, nani kati yetu anajua daftari liliko?