"Ni Maji Tu" Ndiyo Uongo Uliompeleka Beshte Yangu Chumba cha Upasuaji

Wasee, leo sichekeshi mtu. Aliyekuja kucheka arudi kesho.

Kuna klipu nilifuta kwa ukurasa wangu mwaka jana, na wengi mkaniuliza ilienda wapi. Ile ya jamaa wa carwash anacheza densi huku anajipiga miguu na maji ya mashine. Ilikuwa imefika views elfu arobaini na kitu, klipu yangu ya kwanza kufika huko. Mlicheka. Mimi pia nilicheka nikiirekodi. Kile hamkujua ni kwamba mliyoiona ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza mwanga ulikuwa mbaya, kwa hivyo nikamwambia, "Rudia buda, na uisogeze karibu kidogo." Akarudia. Akaisogeza.

Huyo jamaa ni beshte yangu. Tulikuwa tunaosha magari pamoja, huku Eastlands. Mimi nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili baada ya karo kunishinda, na carwash ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza kunikubali bila kuuliza cheti. Mafunzo yetu yalichukua dakika mbili. Mdosi alituonyesha mashine akasema, "Hapa ni kuwasha, hapa ni kuzima, na ile Probox inangoja." Basi. Hakuna aliyetuambia ile bunduki ya maji inaweza kufanya nini kwa mguu wa mtu.

Siku ile, baada ya densi, beshte yangu alisema ameskia kitu kama sindano karibu na kidole kidogo cha mguu. Alikuwa na slipa, kama sisi wote. Tukaangalia. Kulikuwa na katundu kadogo, hakana hata damu ya kujaza kifuniko cha soda. Tukamcheka. Mmoja wetu akasema ile sentensi ambayo kila carwash inaijua: "Si ni maji tu!" Akaendelea kuosha mpaka jioni.

Usiku mguu ulianza kufura. Akaenda kwa duka la dawa, akapewa tembe za maumivu, akarudi kulala. Asubuhi hakuweza kuvaa hata ile slipa. Mguu ulikuwa umefura kama andazi, umekuwa mwekundu hadi kwa fundo, na ye mwenyewe anatetemeka kwa homa. Tulipofika hospitali, daktari alimuuliza swali moja: "Ilikuwa mashine ya presha?" Aliposema ndiyo, hakuna aliyecheka tena. Walimpasua mguu siku hiyo hiyo kuusafisha ndani, halafu wakarudia baada ya siku mbili.

Sasa nataka mwelewe ni kwa nini, kwa sababu mimi nilielewa nikiwa nimechelewa.

Ukienda kituo cha petroli kuwekea gari ndogo upepo, msee anakuuliza, "Ngapi?" Unamwambia thelathini, ama thelathini na mbili. Hizo ni psi. Sasa mashine ya carwash inasukuma maji kwa psi 1,500 hadi 3,000, kulingana na ukubwa wake. Hiyo ni mara 50 mpaka 100 ya presha iliyo kwa tairi. Na ngozi yako haihitaji zote hizo. Hata psi 100, zikipitia kwa tundu dogo, zinaweza kuitoboa. Ndiyo maana ile "isogeze karibu kidogo" yangu ilikuwa ujinga mkubwa. Maji yakitoka hutawanyika, yanapoteza nguvu kadiri yanavyoenda mbali. Ukisogeza nozeli karibu, nguvu yote inaanguka mahali pamoja, kama msumari.

Na maji hayaingii peke yake. Yanaingia na sabuni, na grisi ya gari, na tope la barabara, na uchafu wote uliokuwa juu ya ngozi. Yakishapita ngozi, yanasambaa ndani kufuata kano, mbali na pale katundu kalipo. Kwa hivyo nje unaona kidonda cha sindano, na ndani mguu umeharibika. Hii ndiyo sababu inadanganya watu. Kidonda cha panga kinakutisha, unakimbia hospitali. Hiki kinakuacha umalize zamu.

Na hayo ni maji. Wale wanaopiga majumba rangi kwa mashine za presha kali, zile zisizotumia upepo, wanabeba presha kama hiyo ama zaidi, na kinachoingia ndani ni rangi na thina. Hizo zinaua nyama zenyewe. Hapo mtu anaweza kukatwa kidole kwa kitu kilichoanza kama doa. Ukiwa na kaka ama binamu kwa mjengo anayefanya hiyo kazi, mpigie leo umwambie asiwahi kuziba nozeli kwa kidole, hata kama imekwama, hata kama ni sekunde moja.

Sasa tuseme ukweli kuhusu nani wa kulaumiwa.

Mdosi wetu alipopigiwa simu alisema, "Nani alimwambia ajipige maji?" Akatuma elfu moja ya pole kwa M-Pesa, na kesho yake kulikuwa na kijana mwingine na slipa zingine kwa mashine ile ile. Pesa ya hospitali tulichanga sisi, soo mbili hapa, mia tano pale. Na najua kuna mtu atakuja kwa komenti kusema mdosi alikuwa sawa, jamaa alijitakia. Sikiza. Ni kweli alicheza na mashine, na ni kweli mimi ndiye nilimwambia arudie. Hiyo nimebeba na nitaendelea kubeba. Lakini jiulize: msee amefanya kazi miezi saba na mashine ya psi elfu mbili, na hakuna siku hata moja mtu alimwambia inaweza kutoboa ngozi. Huwezi kumlaumu mtu kwa kutoogopa kitu ulichomficha.

Na si mimi ninayesema. Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Inasema mwajiri lazima awape wafanyakazi maelezo na mafunzo ya kuwaweka salama. Inasema pia kwamba kama kazi ni ya kulowa ama ya kushika vitu vya kudhuru, mwajiri lazima atoe mavazi ya kujikinga, zikiwemo glavu, viatu na miwani inapohitajika. Kulowa, wasee! Kazi ya carwash ni nini kama si kulowa? Sheria nyingine ya mwaka huo huo, ya mafao ya majeraha kazini, inamtaka mwajiri awe na bima ya watu wake wakiumia. Ile elfu moja haikuwa wema. Ilikuwa njia ya bei rahisi ya kukwepa deni.

Lakini mdosi sio peke yake. Kuna sisi. Sisi wenye simu.

Tumetengeneza biashara nzima ya kuuza shida za vijana kama ushujaa. Unajua zile video. Kijana peku, amelowa mpaka shingo, waya ya umeme imelala kwa maji nyuma yake, muziki wa huzuni, halafu maandishi: "Heshimu hasla." Watu wanatuma mioyo. Hakuna anayeuliza ile waya. Hiyo si heshima. Ukimheshimu mtu ungetaka arudi nyumbani na vidole vyote. Na zile za kuchekesha ni mbaya zaidi, kwa sababu zinafundisha. Mtoto wa miaka kumi na sita akiona jamaa anapigana na beshte yake kwa mashine ya presha na watu elfu arobaini wamependa, amepata somo lake, na mwalimu ni mimi.

Na wewe mwenye gari, usijifiche. Unasimama pale ukiangalia saa, "Harakisha kijana, nina mkutano." Mtoto wako anakimbia katikati ya hosi na hujamwita. Halafu ukimaliza unatoa mguu, unamwambia kijana akupigie kiatu tope litoke. Umekivaa! Unaomba upasuaji na unalipia.

Najua mtakachosema. "Wewe ulitoka kwa carwash, sasa una ukurasa, unatuharibia. Nikiitisha gambuti, mdosi anachukua msee mwingine." Hiyo si uongo. Nimekuwa hapo, na njaa haina adabu. Lakini hebu angalia ni vitu vingapi havihitaji hata shilingi ya mdosi.

Kutoelekeza bunduki kwa mtu, ama kwa mguu wako, ama kwa mbwa, ni bure. Ichukulie kama bunduki kweli, kwa sababu jina hatukukosea.

Kutofunga triga kwa mpira ni bure. Wengi tunaifunga ndiyo kidole kisichoke. Siku ikikuponyoka, itacheza chini kama nyoka na hakuna wa kuizima.

Kuzima mashine, kufunga mfereji, halafu kubonyeza triga mpaka maji yaishe kabla ya kubadilisha nozeli, ni bure. Hosi inashika presha hata mashine ikiwa imezimwa. Na ile nozeli nyekundu, kwa mashine nyingi ndiyo ya nyuzi sifuri, inayotoa maji kama mshale mmoja. Gari haliihitaji. Itoe, uiweke mbali.

Hosi ikitoboka, usiifunge na vipande vya blada ya baiskeli. Kile kitambaa cha mpira hakijui presha ya mashine. Na usipapase kwa mkono ukitafuta inavujia wapi. Zima kwanza.

Umeme wetu ni volti 240. Ekstensheni isilale kwa dimbwi, inyanyuliwe juu, viungo vya waya vikae mbali na maji, na plagi iwe ya pini tatu na waya ya athi ikiwa imeshikwa kweli. Kuna swichi inayokata umeme yenyewe ukianza kuvujia mwilini, na hiyo mdosi anunue. Hapo sasa ndipo mnasimama pamoja, wote wanne, mseme bila hiyo hatuwashi. Mmoja anafutwa. Wanne siku ya Jumamosi, magari yakiwa yamepanga foleni, si rahisi. Na sheria hiyo ya 2007 iko upande wenu: ukiripoti hatari kubwa, mwajiri haruhusiwi kukurudisha pale kabla ya kuirekebisha.

Mashine ya petroli usiiendeshe ndani ya chumba ama kwa banda lililofungwa. Moshi wake una gesi isiyo na harufu wala rangi, inakulaza kabla hujajua.

Gambuti, glavu na miwani zinasaidia na mvae. Lakini zisiwadanganye. Mpira wa gambuti hauwezi kuahidi kuzuia maji ya presha yakipigwa kwa karibu. Kinga ya kwanza ni umbali na mahali bunduki inaangalia.

Na hii, tafadhali, isomeni mara mbili. Mtu akitobolewa na maji, rangi ama mafuta ya presha, hata kama ni katundu ka sindano, hata kama haumwi, hata kama anacheka, anaenda hospitali saa hiyo hiyo. Si duka la dawa. Hospitali yenye daktari wa upasuaji. Saa za kwanza ndizo zinaamua. Toa pete kabla kidole hakijafura, usikamue, usikande na maji moto, na usimpe chakula njiani, kwa sababu anaweza kuingia upasuaji. Ukifika, usiseme "nimejikata." Sema: "Ni mashine ya presha, na kilichoingia ni hiki." Hayo maneno ndiyo yatafanya wasikupange nyuma ya foleni.

Beshte yangu siku hizi anauza smokie karibu na steji. Anatembea, lakini kile kidole kidogo hakikunjiki, na baridi ikija anachechemea. Nilipoenda kumwona wodini nilikuwa nimejipanga kuomba msamaha. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza, "Ile klipu ilifika ngapi?"

Nikamwambia elfu arobaini na kitu.

Akanyamaza kidogo, akaangalia bandeji. Halafu akasema, "Basi waambie iliishaje."

Nimewaambia. Ile ya kwanza mlishea bila kuombwa. Hii naomba.