Wanaopiga kelele tunawapeleka, walionyamaza tunawasifu



Sisi wahudumu wa afya wa vijiji mnatujua kwa daftari. Tunafika nyumbani, tunauliza: kuna mtoto mwenye homa? Kuna anayeharisha? Chandarua kinatumika? Tukimaliza tunaandika "salama" na kwenda nyumba inayofuata.

Mimi niliandika "salama" miezi mingi kwenye nyumba moja ambamo mama hakuwa salama hata kidogo. Tangu ajifungue alikuwa halali usiku. Chakula hakikupita. Lakini homa hakuwa nayo, na chandarua kilikuwa kimetundikwa vizuri. Binti yake wa miaka saba ndiye aliyekuwa akichota maji na kumbeba mdogo wake mgongoni, na sisi sote tulimsifu: mtoto huyu ana adabu, hachezi ovyo kama wengine.

Maoni yangu ni kwamba hapa kwetu tunawapeleka kwenye kituo cha afya wale wanaotusumbua tu. Mtu akirusha mawe au akitembea uchi, kijiji kizima kinasimama, mwenyekiti anaitwa, pikipiki inapatikana hata kama ni usiku. Aliyenyamaza hatumwoni. Tunasema ni mpole, au amezoea shida.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu ya watu wanaoishi katika nchi zilizopigwa na vita. Katika kila watu 100, wapatao 22 wana tatizo la afya ya akili, na kati yao kama 5 ndio wenye hali kali. Basi chukueni kijiji chenu mhesabu. Baadhi ya wale 5 tunawajua kwa majina, na wengine tumewabandika jina la kichaa, neno ambalo mimi ningependa tuliache. Lakini wale wengine 17 wako wapi? Tunasimama nao kwenye foleni ya maji kila asubuhi.

Wengi wao wanakwenda kituoni kweli, ila hawasemi "nina huzuni". Wanasema kichwa kinawaka moto, mwili wote unauma, moyo unakwenda mbio. Wanapimwa malaria, haionekani. Wanapewa panadol, wanarudi nyumbani. Mwezi ujao wako pale tena. Ndugu, ukifika kwa mganga mwambie pia kama hulali, kama umepoteza hamu ya kula, kama kazi uliyoiweza zamani sasa inakushinda. Hali kama hiyo ikipita wiki mbili bila kupungua, usiseme tena ni uchovu. Inatibika.

Sisemi kila wasiwasi ni ugonjwa. Mwaka 2023 wakimbizi wa Uganda tuligawanywa katika makundi ya mgao na baadhi ya familia zikaondolewa kabisa. Baba ambaye hakulala usiku ule hakuwa mgonjwa, alikuwa na sababu. Mtu mwenye njaa usimpe ushauri peke yake.

Kuhusu watoto, neno ninalolisikia mno ni "watoto husahau". Si kweli. Mtoto hana maneno ya kusema, kwa hiyo mwili na tabia yake ndivyo vinavyosema. Mdogo wa miaka minne anashika kitenge cha mama na kukataa kuachwa hata mama akienda chooni. Wa miaka minane tumbo linamuuma kila asubuhi ya shule, Jumapili haliumi. Kijana anakuwa na hasira, au analala mchana kutwa, au anaanza pombe. Na yule aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza tena, ndipo tunampiga na kumtembeza na godoro mbele ya wenzake. Nawaomba wazazi, hili tuliache kabisa. Hakojoi kwa ukaidi, na kipigo kinaongeza hofu ile ile inayomfanya akojoe. Mpeni muda wa kucheza, mlazeni saa ile ile kila siku, mwambieni ukweli kwa maneno mafupi. Asipopata nafuu mleteni.

Wengine watauliza: sisi si wasomi, tutasaidia nini? Jibu lilipatikana hapa hapa Nakivale. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa Wanyarwanda na Wasomali 277 wa kambi hii, watu waliokuwa bado wanateswa na kumbukumbu za vita. Waliowasikiliza hawakuwa madaktari bali watu wa kawaida, wakimbizi wenzao, waliofunzwa kazi hiyo. Miezi tisa baadaye, karibu 7 kati ya kila 10 waliosaidiwa kwa njia ya kusimulia maisha yao hawakuwa tena na ugonjwa huo. Kwa wale ambao hawakupata msaada, hawakufika 4. Lakini angalieni, wasaidizi wale walifunzwa kwanza. Mimi na wewe tusimchimbe mtu atueleze yaliyompata njiani. Akitaka kusema tusikilize, asipotaka tukae naye. Na wachungaji na mashehe wetu wamwombee mgonjwa, ila wasimwambie aache dawa.

Jambo moja linaogopwa sana. Watu wanadhani ukimuuliza mtu kama anafikiri kujiua, umemtia wazo hilo kichwani. Sivyo. Kuuliza kwa upole hakumpi wazo, kunampa nafasi ya kusema. Akikubali, usimwache peke yake, mwite mhudumu wa afya mara moja.

Kwa yule mama, si mimi niliyegundua. Jirani yake alimkuta ameinamia jiko lililozimika, akamuuliza swali ambalo daftari langu halina: "Mama, unalala?" Alilia mpaka jioni. Kesho yake tulimsindikiza kituoni. Zaidi ya hapo sitasema, siri ya mgonjwa ni yake mwenyewe. Ila siku hizi, nikiishamaliza homa na chandarua, swali la usingizi nauliza hata kama halina mahali pa kuandikwa.

Binti yake naye ameanza kuruka kamba na kurudi nyumbani na vumbi mpaka masikioni. Majirani wanalalamika kwamba amekuwa mtundu.