Tuwabebe Makuruta wa Mgambo

Ndugu zangu, mtendaji wa kata akibandika tangazo la mafunzo ya Jeshi la Akiba, yale ambayo wengi wetu tunayaita mgambo, nawaomba tusilipite hivi hivi. Vijana wa kuitikia wapo. Ninalouliza ni sisi wengine tutawasaidiaje kwa ile miezi kama minne watakayokuwa uwanjani.

Nchi hii inaijua thamani ya raia aliyefunzwa. Mwongozo wa TANU wa 1971, uliotoka wiki chache tu baada ya Idi Amin kumpindua Rais Obote huko Uganda, ulitaka wananchi wenyewe wafundishwe ulinzi. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Jeshi letu, lililokuwa na askari wasiofika 40,000, likapanuka hadi kupita 150,000 kwa muda mfupi. Kama 40,000 kati yao walikuwa mgambo, watu wa jembe na wa kazi za kawaida. Aprili 1979 Kampala ilipoanguka, jasho lao lilikuwamo, kisha wengi wakarudi mashambani.

Siku hizi hakuna vita mlangoni, lakini manufaa hayajaisha. Aliyehitimu anajua kwata, matumizi ya silaha na utunzaji wake, huduma ya kwanza, na namna ya kumshika mwizi akamfikisha kituoni akiwa hai. Hilo la mwisho mimi naliona kubwa kuliko yote, maana tumeshuhudia mara nyingi mno kelele ya "mwizi!" inavyoishia kwa mawe na tairi. Cheti chake humsaidia pia anapoomba kazi kwenye kampuni za ulinzi.

Hata hivyo, kijana aambiwe ukweli kabla hajajiandikisha. Mafunzo hayana mshahara, na kuhitimu si ajira. Mtazame dereva wa bodaboda: asubuhi abiria wanapogombania usafiri, yeye yuko kwenye mchakamchaka. Akiwasha pikipiki jua limeshapanda, na jioni tajiri anataka hesabu yake kamili. Mama wa chapati na chai naye, saa ya wateja wake ndiyo saa ya paredi, na mtoto kamwachia jirani. Ndiyo maana wanaoanza ni wengi na wanaofika siku ya kiapo ni wachache. Watu huwaita watoro. Mimi naona tumewaacha wabebe peke yao mzigo wa wote.

Lipo na suala la jina. Wengi wakisikia mgambo wanakumbuka sufuria la mama lishe lililomwagwa stendi na bidhaa za machinga zilizobebwa. Machungu hayo ni ya kweli, na aliyeyatenda awajibishwe. Lakini asizomewe kwa ajili hiyo kuruta aliyejitolea, ambaye bado hata kofia hajavaa. Tukimheshimu tangu sasa, tutakuwa na haki ya kumdai heshima akishahitimu.

Kwa hiyo nakuomba wewe mwenye pikipiki, mpunguzie kuruta hesabu kwa miezi ya mafunzo. Mwajiri, mpangie zamu ya mchana. Wenye maduka, unga wa uji na sukari kwa uwanja mzima mkichangiana hamtausikia uzito wake, na buti ambazo mwanao aliyehitimu hazivai tena zitamfaa mwingine anayekwenda kwata na raba zilizotoboka. Viongozi wa mtaa, majina yao yasomwe kwenye mkutano wa hadhara, wazazi wasikie, na mshauri wa Jeshi la Akiba wa wilaya aalikwe ajibu maswali mbele ya watu. Na kijana mwenye mke au mzazi anayemtegemea, kaa nao kwanza mpige hesabu ya chakula cha nyumbani, ndipo ukajiandikishe.

Tangazo likitoka, mpitie mtendaji umuulize ni akina nani wamejiandikisha kutoka mtaani kwako. Anza na mmoja.