Shangingi Halioni Shimo

Kuna ushauri mmoja ambao kila Mtanzania anayetaka kununua gari ameshapewa bila kuuomba: angalia kwanza barabara ya kwenu. Nimeusikia kwenye yadi za magari Dar es Salaam, nimeusikia stendi ya Ifakara, nimeusikia hata Mchombe kwenyewe. Anayeutoa huwa na sura ya hekima. Barabara mbovu, nunua gari la juu. Barabara ya lami, nunua hata Passo. Nani atabisha?

Mimi nabisha. Ushauri huo unamgeuza mnunuzi kuwa idara ya barabara. Unamwambia mkulima wa mpunga kwamba shimo lililoko njiani ni tatizo lake binafsi, na dawa yake ni kuongeza milioni kadhaa ili alivuke. Tukishakubali hivyo, barabara haina tena mwenyewe wa kuulizwa.

Kwa wasiopafahamu, Mchombe ni kata ya bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, upande wa Mlimba. Nyuma ni safu ya Udzungwa, mbele ni mpunga mpaka macho yachoke. Reli ya TAZARA inapita ukanda huo tangu miaka ya sabini, na kuna masika ambayo treni ndiyo inayokuokoa. Lami imeshafika Ifakara kutoka Kidatu, kama kilomita 67, baada ya miaka ya kungoja, na mwaka 2018 daraja kubwa la Mto Kilombero lilifunguliwa, watu wa Mahenge wakaagana na kivuko. Sijasema hakuna kilichofanyika. Lakini geuza usukani uelekee Mlimba, na uwe mwezi wa nne. Udongo wa mfinyanzi ukishalowa hauulizi gari limetoka nchi gani. Aprili 2024, mafuriko yalipolikumba bonde, hata wale wa gari la juu walikaa pembeni wakitazama maji.

Sasa tuje kwenye maneno, maana hapa tunasoma na kuandika. Lugha yetu imeshachagua upande katika mambo ya magari, na imechagua vibaya.

Gari dogo tumelipa majina ya kulidhalilisha. Bebi woka. Kijigari. Kagari. Mtu amejinyima miaka sita, kanunua IST, siku ya kwanza anapita kijiweni wanamwambia "bosi, hako katoto kameshaanza kutembea?" Gari kubwa la serikali nalo tukaliita shangingi, na hapa pana kisa kizima. Kabla halijawa gari, shangingi lilikuwa neno la kumsemea mwanamke: aliyekubuhu, mjanja wa mjini, ghali kumtunza. Miaka ile Land Cruiser za VX zilipoanza kujaa kwenye maegesho ya wizara, mlipa kodi akalitwaa tusi hilo akalipachika gari. Ilikuwa kejeli nzuri, ukiacha kwamba mwanamke ndiye aliyelipia utani. Lakini kejeli ikachakaa. Leo mtu anasema "jamaa anasukuma shangingi" kwa mate ya kutamani, wala hakuna anayekumbuka kwamba lilikuwa shutuma.

Wazee wetu walikuwa wakali zaidi. Baada ya uhuru walibuni "Wabenzi", wakawapa wenye Mercedes-Benz kiambishi cha kabila: kuna Wapogoro, kuna Wandamba, na kuna Wabenzi. Neno hilo halikuwahi kugeuka sifa. Na Sembène Ousmane, kwenye filamu yake ya Xala ya mwaka 1975, hakuhitaji hata hotuba. Alionyesha maji ya chupa ya Evian yakihudumia Mercedes ya tajiri, basi. Msenegali yule alijua kwamba gari kubwa katika nchi yenye kiu ni hadithi tayari. Sisi tuna nini? Tuna picha za watu mitandaoni wameegemea boneti la gari la kukodi.

(Halafu kuna kichekesho hiki. Toyota wenyewe walipoleta Land Cruiser 300 mwaka 2021 waliachana na injini ya V8, wakaweka silinda sita. Sisi bado tunaiita "vieiti". Jina limebaki kwa sababu kilichokuwa kinanunuliwa hakikuwa injini.)

Nirudi Mchombe. Mjomba wangu analima mpunga huko, na baada ya mavuno mazuri mawili mfululizo aliamua kununua gari. Alinipigia simu mimi, kwa kuwa eti mwandishi wa habari anajua kila kitu.

"Mwanangu, kuna Noah, kuna IST, kuna kirikuu. Niambie."

Nikamuuliza, anko, gari la kufanyia nini? Akaanza kuhesabu, na nataka msomaji wa mjini amsikilize, maana hapa ndipo ushauri wa yadi unapoishiwa pumzi. Kirikuu, ile Suzuki Carry ndogo ya mzigo, itabeba magunia ya mpunga kutoka shamba hadi mashineni, na itakodishwa siku ambazo yeye hana kazi nayo. Lakini huwezi kumpandisha shangazi yako nyuma ya kirikuu kwenda msibani. Noah inaingiza watu wanane na ukibana kumi na mmoja, na mtu wa Mchombe mwenye gari hana gari peke yake, ana gari la ukoo. Harusi ni yake, msiba ni wake, mahafali ya darasa la saba ni yake. Lakini Noah ina injini ya karibu lita mbili, na wanaopanda wakati wa msiba hawachangii mafuta. IST inakunywa kidogo, spea zake ziko hadi Ifakara, fundi yeyote anaijua. Lakini iko chini. Wanaitia spesa kuinyanyua, wanaifunga tairi kubwa kidogo, na bado itagonga sampo.

Kisha akataja lile ambalo hakuna dalali anayelitaja. Usiku. Ukiwa na gari kijijini, mlango wako unagongwa usiku. Mama mjamzito uchungu umemzidi, mtoto amepandwa na homa, na hospitali ya rufaa ya Mtakatifu Fransisko iko Ifakara. Huwezi kusema gari langu ni dogo. Huwezi kusema sijalipwa. Unawasha.

"Kwa hiyo nimepiga hesabu zote," akasema. "Na unajua nini? Yote matatu, mwezi wa nne, yanalala."

Hapo ndipo nilipoacha kuuheshimu mjadala wa gari kubwa na gari dogo kama unavyoendeshwa siku zote. Kwake haukuwa uchaguzi. Gari ambalo lingeamka mwezi wa nne ni Land Cruiser ya kazi, ile yenye bomba la kupumulia lililonyanyuka kama mkonga wa tembo, na bei yake ingemeza shamba, nyumba na mavuno ya wajukuu. Kati ya kile anachoweza kukinunua na kile barabara inachokidai kuna pengo, na pengo hilo halikuchimbwa na yeye.

Tuseme lita ya petroli au dizeli ni shilingi 3,000, tusibishane senti. IST iliyotunzwa, kwa kilomita 100, itataka kama lita saba. Hiyo ni 21,000. Land Cruiser ya lita 4.5 itataka mara mbili yake au zaidi, hasa kwenye tope. Hiyo ni 42,000 kwenda juu. Mjomba akinunua hiyo ya pili kwa ajili ya wiki nane za matope, analipa mafuta yake wiki zote hamsini na mbili. Ofisa wa umma anayelipanda hatoi kitu, mafuta yanatoka kwenye fungu. Basi nani kati yao ndiye anayetakiwa kuambiwa "angalia barabara ya kwenu"?

Na kodi zetu zinasemaje? Ukiagiza gari nje, kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, hizo ni za wote. Kisha unakuja ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: chini ya sisi 1,000 hakuna, hadi 2,000 ni asilimia 5, kuzidi hapo ni asilimia 10. Inasikika kama haki. Lakini kuna ushuru mwingine, wa umri: gari la miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 linaongezewa 30. Sasa pima. IST nyingi tunazoziona barabarani ni za toleo la kwanza, lile la 2002 hadi 2007. Mwenye uwezo wa mwalimu au mkulima anaagiza kuukuu kwa kuwa ndicho anachokiweza, anapigwa 5 ya injini na 30 ya uzee. Mwenye shangingi jipya kutoka kiwandani anapigwa 10 ya injini, na uzee sifuri. Najua shilingi zake kwa jumla ni nyingi kuliko za mwenye IST. Nazungumzia kiwango, nani anaadhibiwa kwa lipi. Wanasema ni mazingira, magari ya zamani yanachafua hewa. Sawa, nakubali kuna ukweli. Lakini mtu anayejali hewa hawezi kuiona injini ya lita nne na nusu akaitoza asilimia 10 tu, kisha akamkamia mwenye lita moja na nusu.

Hilo la umri halijaniudhi kama lile la 2017. Bajeti ya mwaka ule ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, watu wakashangilia kweli. Mapato yake yakahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita: petroli, dizeli, na mafuta ya taa. Mafuta ya taa! Bibi wa Mchombe mwenye koroboi, mwenye pawatila, mwenye mashine ya kukoboa, bodaboda anayenunua lita moja moja, wote wakaingizwa kulipia leseni ya magari ambayo hawana. Wakati gari linalipa ada, angalau ukubwa wa injini ulionekana kwenye risiti. Leo umefichwa ndani ya lita.

Nitaambiwa viongozi wanahitaji magari hayo kwa sababu hiyo hiyo ya barabara. Gari la wagonjwa linahitaji, na wala sitalumbana juu ya hilo. Mhandisi wa barabara, mtu wa chanjo, wape, na yawe na mafuta. Lakini hesabu mashangingi yanayozunguka Dodoma kwenye lami safi kutoka ofisini hadi hotelini, niambie ni yapi yamewahi kuonja tope la Mchombe. Majirani walishajaribu kitu. Rwanda, katikati ya miaka ya 2000, iliyakusanya magari makubwa ya serikali ikayapiga mnada. Kenya, kwenye bajeti ya 2009, iliwaagiza mawaziri warudishe magari makubwa, wabaki na yasiyozidi sisi 1,800, wakapewa Volkswagen Passat. Wapo waliogoma kabisa. Sababu zilikuwa barabara za majimboni, usalama, hadhi. Yaani waziri aliyekalia bajeti ya barabara alisema hawezi kupanda gari dogo kwa kuwa barabara ni mbovu! Miaka haikupita mingi, makubwa yakarudi.

Siyo kwamba nayapenda magari madogo kwa ajili ya udogo wake. IST ni gari la kubana magoti, na Noah ya watu kumi na mmoja ni hatari, mimi mwenyewe siipandi kwa raha. Ninachokataa ni hii tabia ya kumcheka mjomba kwa bebi woka, wakati yeye ndiye dereva pekee anayelihisi kila shimo kwa uti wa mgongo na kwa mfuko. Shokapu ni zake, bushi ni zake, na siku sampo ikipasuka karibu na Mngeta oili inayomwagika ni mpunga wake. Aliyekaa juu, kioo kimefungwa, kiyoyozi kinavuma, anafika na kuandika kwenye ripoti kwamba barabara inapitika. Na kweli, yeye amepita.

Ninyi mnaoandika hadithi, nawaomba jambo. Nimesoma miswada mingi ambamo tajiri anaingia na "gari la kifahari" na maskini anatembea kwa miguu, hakuna katikati. Mwenye IST yuko wapi? Yule anayesimama kabla ya kila dimbwi, anashuka, anavua viatu, anaingia kupima kina kwa miguu yake mwenyewe huku abiria mgonjwa analalamika kiti cha nyuma, huyo hayumo kwenye fasihi yetu. Mwandikeni. Na mkimwandika, msimpe jina la kitoto.

Mjomba alinunua IST. Kwa upande wangu nina pendekezo moja kwa wanaopanga ziara za ukaguzi kutoka mkoani na wizarani. Njooni Aprili, na mje na gari kama lake, lisilonyanyuliwa, mafuta mnunue kwa pesa zenu. Vijana wa kusukuma wapo njia nzima, wanakaa karibu na tope lilipo zito. Bei ni maelewano, ila wakishaona namba za serikali inapanda.