Taa imulike nani?



Kule Uingereza kuna watu wanaolipa feza zao ili kupiga foto za treni za zamani usiku. Wenye njia za reli zilizohifadhiwa wanasimamisha mashine ya mvuke kwenye stesheni, taa zinaletwa, na aparei inaachwa wazi sekunde nyingi ili ikusanye mwangaza. Treni haisogei, kwa hiyo foto inatoka safi. Wengine kati yetu watacheka: chuma cha zamani, tena usiku, faida gani?

Mimi ninasema faida iko. Mchana jua linaonyesha kila kitu bila kuchagua. Usiku kinaonekana kile tu ambacho mpiga foto amekimulika. Yeye njo anachagua.

Mmarekani O. Winston Link alijua jambo hilo. Tangu 1955 mpaka 1960 alifuata treni za mwisho za mvuke za kampuni ya Norfolk and Western. Alifunga taa nyingi kwa nyuzi, zote ziwake mara moja. Lakini hakumulika mashine peke yake. Alimulika wafanyakazi wa reli, na hata watu wakioga mtoni wakati treni inapita juu ya daraja. Juu ya ile, leo tunaona namna watu wale walivyoishi na reli yao.

Na sisi? Reli inayopita hapa Kaniama ni ile ya BCK, iliyofika Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo, mwaka 1928. Tunasoma jina la kampuni. Majina ya watu weusi waliobeba vyuma na kupiga nyundo hatuyasomi. Kule Nairobi kuna makumbusho ya reli tangu 1971, na ndani yake mashine kubwa ya mvuke inayoitwa Mount Gelai, jina la mlima wa Tanzania. Ni vizuri sana. Lakini chuma kinaweza kungoja. Wazee waliolisha moto wa mashine hawawezi kungoja. Kila mwaka wanapungua.

Basi, shauri langu ni hili. Masomo yetu yaombe ruhusa kwa mkubwa wa stesheni, kwa barua, na mwalimu atuongoze. Tusiende kwa kujificha, tusisimame katikati ya reli, tusimulike macho ya dereva. Telefone moja iliyowekwa imara juu ya kiti, na taa mbili tatu, zinatosha. Tumulike wazee wa reli, na mama wanaouza mihogo treni ikichelewa. Kisha tuandike jina la kila mtu pamoja na foto yake, kwa ruhusa yake.

Foto ya mashine bila watu ni nusu ya habari. Wenye wazo lingine, waandike katika gazeti hili. Tutasoma.

Mwanafunzi wa mwaka wa 5